Mkaazi wa Pili

Kila nyumba ilikuwa na tangi la bakteria wanaokula homoni zilizomo kwenye maji machafu, wengine za kiume, wengine za kike. Mita ya tangi ilihesabu wakaazi kwa bakteria hao, na aliyebaki peke yake alihamishiwa bwenini.

Tangu mumewe afariki, Bi Mwanakheri alimimina chooni kila asubuhi dawa ya homoni za kiume aliyoiacha marehemu. Bakteria waliila yote.

Mkaguzi aliinamia mita. "Shikamoo, bibi. Mzee bado ngangari!"

"Marahaba. Tupo wawili, mwanangu."

"Wawili?" Akagonga kioo. "Bakteria wa homoni za kike wamekufa njaa. Ni umri, bibi. Mzee yuko peke yake. Kesho gari linamfuata."

"Na mimi?"

Mkaguzi aliitazama tena mita, si uso wake.

"Hapa hupo, bibi."