Kobe na Gamba Lililopasuka

Kobe hakuwahi kuzaa, ila alimwokota Kaa mchanga aliyefiwa na mama yake, akamlea kama wa tumbo lake. Akawa mama wa hofu: mtoto akipiga chafya, yeye halali.

Siku moja Kaa akakataa kula. Kobe akampapasa, akakuta gamba limeanza kupasuka mgongoni.

"Mwanangu anavunjika!" akalia. Kwao Kobe, gamba ndilo uhai. Likipasuka, huwekwa matanga. Akasokota kamba ya ukindu, akamfunga mtoto na kumkaza kama mzigo wa kuni.

"Mama, nabanwa," akasema Kaa.

"Vumilia, baba. Ndiyo dawa."

Jirani yao Nyoka, aliyekwisha kujivua ngozi mara nyingi, akachungulia. "Mama Kaa, mfungue huyo mtoto. Anakua."

"Anakufa, wewe wasema anakua? Hebu nenda zako!"

Lakini sauti ya mtoto ikazidi kufifia, hata ikawa haisikiki kabisa. Hapo Kobe akaikata kamba kwa mdomo. Gamba likafunguka, likabaki tupu mchangani. Kobe akalikumbatia, akaangua kilio.

"Mama, mbona unalilia nguo yangu ya zamani?"

Kaa alikuwa amejivuta kinyumenyume, yuko nyuma yake, laini kama ute wa yai, tena mkubwa kuliko gamba lile. Akamtazama mama yake kwa huruma, akamgonga polepole mgongoni, juu ya gamba lake kongwe.

"Na wewe, Mama, nani alikufunga?"