Vibao vya Shimo la Wote

Kaeni kitako, na anayepiga miayo atoke. Wanyama walikuwa na shimo lao wote, kila mmoja ruhusa kuchimba. Aliyechimba njia aliweka kibao chenye jina lake: Njia ya Mhanga, Njia ya Fuko, Njia ya Nungunungu.

Panya, mgeni mwenye watoto wanne, aliona mawingu yamekaa vibaya. "Bwana Mhanga, maji yakiingia humu nitokee wapi?"

"Si vibao hivyo! Huna macho?"

"Vinasema nani kachimba. Havisemi njia inakwenda wapi."

"Utazoea, mama. Sote tulizoea."

Panya hakungoja kuzoea. Roho juu, alipita kila njia akichora kwa ukucha chini ya jina: ghalani, kisimani, nje.

"Unatuchafulia vibao!" akafoka Mhanga.

Mvua ikaja, ikaziba njia ya Mhanga, na mwenyewe nyingine hakuijua. Akakimbilia ya Fuko, akagota ghalani. Maji yalipomfika kifuani, akapapasa kibao cha Nungunungu, akagusa michoro ya ukucha: nje.

Huko juu Panya alikuwa akihesabu watoto. Wote wanne.

"Lile neno nje," Mhanga akasema akitweta, "ungeliandika kubwa kidogo."

"Utazoea, baba."

Mie nimemaliza. Wachimbaji mnajijua.