Buluu Katika Chungu cha Tatu

Kioo kilitoka buluu tena.

Jarmila aliinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama mara moja tu, akaibamiza sakafuni. Wiki ya tatu hii! Wateja wa Praha wanataka kioo cheupe kama maji, na mkurugenzi alishasema: chungu cha tatu cha kuyeyushia kioo kikichafuka tena, tanuri linazimwa na mafundi wote kumi na mmoja wanarudi makwao.

"Radek! Hebu njoo hapa!"

Radek, mtunza zana, alikuja akijifuta mikono.

"Miiko yako ya kukorogea inaliwa na kioo!" Jarmila alifoka. "Ile aloi mpya uliyoisifia inayeyukia humo chunguni. Maabara wamekuta kobalti, ndiyo inayotia buluu. Kobalti, Radek!"

"Fundi, mwiko wangu hauna hata chembe ya kobalti. Naupima kabla haujaingia, naupima ukitoka. Haujapungua hata gramu. Angalia daftari."

"Kamsomee mama yako hilo daftari!"

Mafundi waliacha kupuliza, wakainamisha macho. Hata marehemu baba yake Jarmila, Bedřich, aliyelishika tanuri hilo miaka thelathini, hakuwahi kumtukana mtu mbele ya moto.

"Mwache mtoto wa watu," alisema Květa, mama yake Jarmila, kutoka kwenye benchi. Tangu Januari, alipokabidhiwa majivu ya mumewe na mabaki yasiyoungua, alikuwa akija kila asubuhi na maandazi ya jamu, akikaa mbele ya chungu cha tatu hadi adhuhuri. Nani angekuwa na moyo wa kumfukuza? "Hana kosa."

"Mama, haya si mambo ya jikoni, usiniingilie!" Jarmila alimgeukia mtunza zana. "Radek, kusanya vyako uondoke. Sitaki kukuona tena."

Radek alivua aproni, akaitupa miguuni pa Jarmila. "Utanitafuta uniombe radhi, na hutanipata."

Alipotoka, Jarmila aliamuru chungu kikombwe chote. Walichota kioo kwa upawa mrefu, wakakimwaga kwenye pipa la maji, upawa baada ya upawa, mpaka ukagonga kitu kigumu chini kabisa. Jarmila aliwasukuma wenzake kando, akakiopoa mwenyewe na kukilaza juu ya matofali. Sasa ushahidi anao!

Lakini hakikuwa kipande cha mwiko. Kilikuwa tufe la chuma lenye mkia, limeliwa upande mmoja hadi likatoboka matundu, na matundu yenyewe yamejaa kioo cha buluu iliyokolea. Umbo hilo Jarmila alishaliona, kwenye picha ya eksirei, mwaka ambao madaktari walimwekea baba yake nyonga ya bandia ya kobalti.

Nyuma yake, Květa alisimama.

"Mrudishe," alisema. "Bado hajaisha."