Taa za Chumba cha Kona

Muuzaji alipowasha taa ya duara, Deyanira alichomoa mkobani barakoa ya manyoya meupe iliyotiwa shanga, akaivaa palepale, katikati ya duka. Watu wakageuka. Mzee mmoja akajifanya anasoma bei ya betri.

“Unaona?” alimuuliza muuzaji. “Kila shanga imegeuka pete ya mwanga. Sasa wateja wangu watamtazama nani, mimi au taa yako? Nipe zile mbili za boksi, zenye kitambaa mbele.”

“Lakini dada, hii ndiyo inayotoka sana.”

“Basi waachie hao hao wanaoinunua.”

Jiji zima la Cali, nakwambieni, hapakuwa na mwanamke anayezijua taa kama yeye. Miaka minane alikuwa akiketi mbele ya kamera katika studio ya Bi Ligia, wanaume wa Ulaya wakilipia kumtazama na kuongea naye. Uso wake hawakuwahi kuuona. Walimjua kwa barakoa, kwa kicheko chake, na kwa baka dogo jeusi begani kushoto. Walimwita Yangeyange. Ukurasa wake wa mtandaoni uliandikishwa kwa jina la studio, na Kolombia yote ilifungiwa isiuone, shangazi yake asije akatumbukia humo akitafuta mapishi.

Na sasa Bi Ligia alikuwa ametoa ahadi. “Chanda chema huvikwa pete, mwanangu. Nichagulie kamera na taa, chumba cha kona kiwe chako, na mapato tugawane nusu kwa nusu.”

Nusu! Deyanira alilia, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa. Nusu hiyo alikuwa ameiomba tangu mwaka juzi, akaishia kujibiwa kwa tabasamu.

Kamera ndiyo iliyomhangaisha. Zile za wapiga picha za harusi zilikuwa nzuri, lakini zilipata moto zikajizima zenyewe, na mteja aliyelipa hangoji kamera ipoe. Mwishowe akachagua moja ya kuchomekwa kwenye umeme wa ukutani, inayofanya kazi kutwa bila kulalamika. Picha yake ilikuwa kali mno. Hata baka la begani lilionekana waziwazi.

“Hiyo hiyo,” Bi Ligia alimwambia kwenye simu. “Baka lionekane. Ndilo wanalolipenda.”

Kupanga taa peke yako ni kazi bure, maana huwezi kukaa kitini na hapohapo ukawa nyuma ya kamera. Kwa hiyo alimwita Nelcy, binti wa mjomba wake, mwanamke wa miaka ishirini na mitano ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwao Buenaventura, akagawana naye kitanda, akamtafutia na kazi ya kufua mashuka hapo studio. Rangi yao moja, mabega yao mamoja. Shangazi akipiga simu nyumbani alikuwa hajui anaongea na yupi.

“Vaa hii, ukae pale.”

“Mimi? Haya, dada, na nikiipenda je?”

“Utaipendea nini, inawasha kama upupu! Inua kidevu. Tulia, unanitikisia kivuli.”

Asubuhi nzima alihangaika. Taa ya kulia akairudisha nyuma, ya kushoto akaiinamisha, na moja ndogo akaificha nyuma ya kiti ili nywele zisimezwe na ukuta. Bi Ligia aliingia na kahawa na pandebono, vile vimikate vya jibini, za moto kutoka tanuri la jirani, akasimama kuangalia picha.

“Hapo!” alimwambia Deyanira. “Hapo ni wewe mtupu. Weka alama za utepe sakafuni, wafagiaji wasije wakatuharibia.”

Deyanira akaweka alama. Akamfundisha Nelcy na kicheko, kwa sababu Yangeyange akicheka hutupa kichwa nyuma na kushika shingo, na mwanga lazima umfuate hadi huko. Mara ya kwanza Nelcy alicheka kama mbuzi. Mara ya tatu alikipata, wakacheka wote watatu mpaka kahawa ikamwagika.

“Dada, niazime wanja wako,” Nelcy alisema akivua barakoa. “Nina miadi mchana huu.”

“Na nani?”

“Utamjua tu.”

Akampa, akamfinya na shavu. Alimpenda yule binti, Mungu anajua.

“Nenda kapumzike, mwanangu,” Bi Ligia akamwambia Deyanira. “Kesho uanze na nguvu mpya. Barakoa iache, shanga zimelegea, nitampa fundi.”

Hajafika hata kituo cha basi, mvua ikashuka. Mwavuli alikuwa ameuacha mapokezi. Akarudi mbio, mkoba kichwani, akijichekea peke yake kwa furaha ya kesho.

Mapokezi hapakuwa na mtu. Ukutani, runinga ya kusimamia vyumba ilionyesha chumba cha kona, mwanga umetulia vizuri, shanga hazina pete hata moja. Yangeyange alikuwa kitini. Alitupa kichwa nyuma akacheka, mkono shingoni. Chini yake maneno ya wateja yalipanda mbio: Kamera mpya! Umerudi ujanani! Leo umependeza kuliko siku zote!

Deyanira alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Begani kushoto baka lilikuwapo, jeusi, limechorwa kwa wanja wake.