Mguu wa Jirani Mzungu

Siku wakwe walipofika Kilibula kumposa bintiye, Consolée alishusha ukutani picha yake ya utotoni na kumkabidhi mama wa bwana harusi, mjane kutoka Sange.

"Minye nilikuwa mutoto kule Uingereza," alisema.

Pichani alisimama mtoto mwenye gauni, nyuma yake nyumba ya mawe, mnara wa kanisa na daraja lenye bata. Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia tangu ujanani, hata siku hizi akiitazama picha husikia baridi, na binti yake humletea kitenge ajifunike.

Mjane alivaa miwani. "Na huu muguu?"

Chini kabisa, pembeni, mguu wa mtu mzima katika kandambili ulikuwa umekanyaga pindo la ule mto wa kuchorwa kitambaani, ili upepo wa ziwa usikipeperushe kijiji.

"Ni wa jirani yetu, muzungu moja mupole. Jua ilimuchoma."

Kidole cha mwisho cha yule mzungu kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni. Mjane alikitazama, akatazama miguu ya mwanawe, aliyeacha viatu vyenye tope mlangoni. Kijana akairudisha miguu chini ya kiti. Alikuwa amechelewa: Consolée alikuwa ameshakiona kidole kama kile.

Consolée akavuta kitenge mabegani.

"Baridi ile ilikuwa ya kweli, mukwe," mjane alisema kwa upole. "Bwana yangu alikuwa na haraka ya kupiga foto, na kile kijiji nilikuwa nimetoka kukifua, kilikuwa hakiyakauka."