Kiwiko cha Mkuna Nazi

"Mkono tu, daktari. Uso hauumi," alisema Bi Razan, akiiwahi nikabu ya mgonjwa iliyotaka kuteleza.

Daktari Jerioth, mgeni huku Lamu, akacheka. "Lakini humu tuko wanawake watupu, mama."

"Wifi yangu huyu, atoka kijiji cha Mbwajumali. Ana haya mno, na mafua yamemkausha sauti. Niulize mimi."

Mgonjwa akaitikia kwa kichwa. Akapandisha mkono wa buibui kwa shida, akatoa kiwiko. Kiwiko tu, basi.

Daktari alipobonyeza upande wa nje, mgonjwa aliruka nusura apindue kiti.

"Ndipo hapa. Maumivu yamemwanza lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Afanya kazi gani?"

Bi Razan akatupa jicho mlangoni. Wali wake wa nazi ndio uliompa jina, harusi haiitwi harusi mpaka sufuria zake ziinjikwe. Na kila mtu alijua kwamba nazi hukuna kwa mkono wake mwenyewe. Mashine hataki, ya pakiti ndiyo usimtajie kabisa.

"Ndiye anikuniaye nazi," alinong'ona. "Lakini nakuomba, usitutolee siri. Watu wa nti nzima watatucheka."

"Kwa hilo tu? Kusaidiana si aibu."

"Ah, mwanangu, huyajui ya huku wewe."

Daktari alipotoa sindano, mgonjwa alimkamata Bi Razan mkono, akaubana hata pete ikamzama nyamani.

"Tulia, we! Mimi nimezaa sita bila vishindo hivi."

Sindano ikaingia. Ndani ya nikabu kukasikika mguno mzito, kisha kikohozi cha kuufunika.

"Pole, bibi," alisema daktari. "Huenda pakauma zaidi siku mbili tatu, halafu patulie. Ila asikalie mbuzi, asikune hata nazi moja, mpaka nimwone tena."

"Na harusi ya Sumeiya Alhamisi!" Bi Razan akashika kichwa.

Ndiani, wakirudi nyumbani, wakapita penye baraza. Wazee wakaacha bao lao.

"Bi Razan! Bwana Nabhan yuwapi leo? Baraza imepoa. Jana kamcheka Famau kwa kumfulia mkewe nguo, hata maskini Famau kaondoka na kahawa hakumaliza!"

"Mume wangu amelala, amechoka," alijibu Bi Razan bila kusimama.

"Apumzike, simba wetu! Na huyo mgeni, karibu Amu, bibi!"

Mgonjwa alikaza mwendo, visigino vikining'inia nje ya ndara za kuazima.

Nyumbani, Bi Razan alitia komeo, akajaribu mlango mara ya pili. Mgonjwa akaivua nikabu, akashusha pumzi, akajikuna ndevu kwa mkono ule mzima.

"Wajue wote, Razan," alisema Bwana Nabhan, "lakini Famau asijue."