Kichupa cha Kulinganishia

Bi Zawena alifika maabara asubuhi na chupa ya maji ya kisima chake. Mbuzi wake wanne walikuwa wamekufa tangu shamba la jirani lipuliziwe dawa ya magugu, na watu walisema ni ile iliyopigwa marufuku.

Mpimaji, Tumsifu, alimwamkia, kisha akatoa kwenye friji kichupa kidogo cha kioo. Ndani yake mlikuwa na dawa hiyohiyo, iliyopimwa na kuthibitishwa, ambayo mashine hulinganisha nayo maji yanayoletwa. Alisoma cheti chake, akakisoma tena. Muda wake ulikuwa umeisha wiki tatu nyuma.

"Siwezi kupima leo, mama. Nikitumia hiki, majibu hayatakubalika popote."

"Mimi sitaki yakubalike. Nataka kujua."

"Hata mimi sitajua. Kikipitwa na muda hakiaminiki. Tumeagiza kingine tangu mwaka jana."

"Kitafika lini?"

Tumsifu alikirudisha kichupa kwenye friji.

"Sasa wajukuu wangu wanywe, wasinywe?"

"Wasinywe, mama."

"Wanywe nini? Kisima ni hicho kimoja."

Tumsifu alimrudishia chupa yake ya maji. Bi Zawena akamshukuru, akaaga vizuri kama mtu aliyesaidiwa.

Kupitia dirishani, Tumsifu alimwona ameinama kwenye bomba la bustani, karibu na geti. Alikinga viganja akanywa, akavuta pumzi, akanywa tena. Maji yalimlowesha mikono hadi kwenye viwiko, naye alizidi kunywa.